Farasi Wasiosikika

Mwenye mlango nyuma yake ahamie huku, tubanane. Hii si ya kusikiliza ukiwa umeupa mlango mgongo.

Jioni hiyo Fundi alikuwa anafunga karakana. Mkaa ameshaumwagia maji, aproni ya ngozi ameitundika, nyundo zimerudi mahali pake. Kazi yake ilikuwa kuvisha farasi viatu vya chuma, kazi aliyorithi kwa baba yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia si kazi ya mwanamke, maana ulimi wake ulikuwa mkali na mkono wake mzito. Farasi wote wa mji ule, wa mikokoteni ya maji, wa mizigo, wa wenye nazo, aliwajua kwa mlio wa miguu. Yuko ndani anakunywa chai, anasikia kwato kona ya mbali, anasema, "Huyo wa muuza maziwa, kiatu cha nyuma kimelegea." Ukienda kutazama, kweli kimelegea.

Kwa hiyo alipogeuka na kumkuta farasi amesimama mlangoni, koleo lilimponyoka.

Hakuwa amesikia kitu.

Farasi mweusi, mrefu, kichwa kimeshaingia ndani ya karakana. Juu yake mtu amejiinamia asigonge boriti.

"Samahani, Dada Fundi," mtu akanong'ona. "Sikutaka kukushtua."

"Umeshanishtua. Shuka tusalimiane."

Hakushuka.

Fundi akamtambua kwa sauti. Alikuwa Sajini, aliyekuwa mkuu wa kikosi kidogo cha askari wa farasi. Mdogo wake Fundi, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alikuwa mmoja wa askari hao. Waliamriwa wawakanyage watu waliokusanyika bwawani kudai maji. Wakakataa. Basi wakavuliwa vyeo uwanjani, mchana kweupe, vifungo vikakatwa kwa kisu, farasi wao wakachukuliwa. Kisha likatoka tangazo: atakayewapa hata kikombe cha maji, yatamkuta yaliyowakuta wao. Mji mzima ukafyata mkia. Hata wale walioponea kukanyagwa, nao walifunga madirisha! Fundi alijaribu kuwapelekea kapu la chakula, walinzi wakamrudisha njiani na kapu wakalipiga teke.

Wakaenda kuishi nje ya mji, kwenye kiwanda cha matofali kilichokufa zamani. Halafu watu wakaanza kusema wamewaona juu ya farasi. Farasi wa nani? Hakuna aliyewauzia. Hakuna aliyeibiwa.

"Tuna farasi mmoja anatusumbua," Sajini akasema. "Giza likiingia anatoka, anakuja mjini kukwaruza milango ya watu. Hatumsikii akitoka. Tunaomba umvishe chuma, tumsikie, tumuwahi."

"Farasi gani asiyesikika?"

Sajini akatazama chini, kwenye kwato za farasi wake mwenyewe.

Fundi naye akatazama. Kwato zilikuwa tupu, hazijawahi kuguswa na msumari. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa moyoni kuliko woga. Nyumbani mama yao alikuwa kitandani, miguu imevimba, pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Kitanda walikuwa wamekisogeza dirishani aone barabara. Hakuomba dawa, hakuomba uji. Kila jioni ni swali lile lile: "Hajaja?" Na akiambiwa bado, anasema, "Nimshike uso tu. Nimshike uso, nilale."

Na asubuhi ile mganga wa zahanati alikuwa amemvuta Fundi pembeni na kumwambia asiende mbali na nyumbani.

"Nitakuja," Fundi akasema. "Lakini leo hii hii Kitinda anakwenda nyumbani, mama amshike. Hamtaki, tafuteni fundi mwingine."

"Hilo utamwambia mwenyewe," Sajini akasema. Hakumtazama usoni.

Wakaondoka. Farasi mbele, Fundi nyuma na mfuko wa vyombo begani. Njia nzima viatu vilivyosikika vilikuwa vyake peke yake.

Kiwandani pua yake ilijua kabla ya macho. Penye farasi pananuka jasho, nyasi na mavi, na nzi hawakosekani. Pale hapakuwa na mavi wala nzi. Palinuka moto uliozimwa na mvua. Fundi akasimama kwenye lango, halafu akajitukana kimoyomoyo na kuingia.

Askari walikuwa wamejipanga kando ya tanuri kubwa, kila mtu juu ya farasi wake. Hakuna tandiko wala hatamu.

"Shikamoo, dada," Kitinda akasema.

"Marah..." Fundi akamkodolea macho. Kitinda alikuwa amenawiri! Mara ya mwisho alimwona amebaki mifupa na kikohozi. Sasa mashavu yamejaa, macho yanang'aa, meno yote nje. Fundi akasahau kila kitu, akamkimbilia. "Shuka nikukumbatie, mjinga wewe. Mama anakulilia."

"Siwezi kushuka, dada."

"Huwezi au hutaki?"

Kitinda akacheka kidogo, akaipapasa shingo ya farasi wake. "Tulikuwa tunakufa. Mvua inatunyeshea, hakuna hata wa kututupia gunia. Tukaingia mle tanurini tukafie pakavu. Kumbe na farasi hawa walikuwamo." Akashusha sauti. "Wakatusogelea gizani. Wakatupumulia puani. Joto lile, dada! Mji mzima umetutema, halafu kiumbe kinakuja kinasema wewe ni wangu. Wewe ungekataa?"

Fundi alikuwa amezoea kukagua kama mguu wa mpandaji unamchubua mnyama, hivyo akapeleka kiganja katikati ya paja la mdogo wake na ubavu wa farasi. Siku zote mkono hupita.

Haukupita.

Akasukuma. Akatafuta nafasi kwa vidole, juu, chini... Hapakuwa na nafasi. Suruali ya Kitinda ilikuwa imechanika, na pale ilipoachia, ngozi ya mguu wake ilikwenda, ikaota manyoya, ikawa ngozi ya farasi. Hakuna mshono. Hakuna kovu.

Fundi akauchomoa mkono na kuufuta kwenye sketi, akaufuta tena.

"Anayeshuka anakuwaje?" akanong'ona.

Sajini ndiye aliyejibu. "Mwenzetu, Mpiga Tarumbeta, alishuka. Alimkumbuka mke wake, hakutaka kusikia la mtu. Tumemzika pale, nyuma ya matofali." "Alikuwa mwepesi, Dada Fundi. Mtu mzima yule, tulimbeba kwa mkono mmoja. Na farasi wake ndiye yule anayetusumbua."

Kwenye kona ya ua alisimama farasi wa kijivu, peke yake, uso kautazamisha ukutani. Puani mwake mlitoka sauti nyembamba. Fundi akasikiliza. Ulikuwa ni wimbo. Wimbo wa tarumbeta wa kuwaamsha askari asubuhi, wenyewe kabisa, pamoja na pale katikati ambapo marehemu siku zote alikuwa anakosea.

Mtu mwingine angetimua mbio, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Fundi alimfikiria mama dirishani, akamfikiria mnyama huyu akikwaruza mlango wao. Akaukamata mfuko wake na kwenda.

Sasa hapa ndipo kazi ilipomponza. Mafundi wa kwato wana desturi yao. Farasi mgeni humshiki mguu kabla hajakujua. Unamwendea kichwani, unamshika taya, unampumulia puani taratibu, naye anakupumulia. Mkishajuana, hapigi teke. Fundi alifundishwa hivyo akiwa mtoto, na amefanya hivyo maisha yake yote, mkono haungoji tena kuambiwa na kichwa. Aliweka mfuko chini. Akamshika yule wa kijivu taya. Akasogeza pua yake kwenye pua ya mnyama.

"Dada, usimpumu..." Kitinda akaita.

Alishapumua.

Na farasi akavuta. Akavuta pumzi ile, akavuta na iliyokuwa chini yake, na ya chini zaidi, mpaka Fundi akaishikilia shingo yake asianguke. Kisha akamrudishia. Ikaingia kifuani, ya moto. Maumivu ya mgongo yaliyomsumbua miaka yakayeyuka. Uchovu wa kukesha na mgonjwa ukatoweka. Ilikuwa tamu, jamani, na utamu ule ndio uliomtisha.

Wimbo ukakatika.

"Mungu wangu," Sajini akasema, amejishika kichwa. "Nimekaa na mafundi jeshini umri wangu wote, nawaona wakifanya hivyo kila siku. Nisikumbuke! Nisikuonye!"

Fundi akainama kufanya kazi kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Farasi aliinua miguu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kabla hajaguswa. Kila msumari ulipoingia Fundi alihisi kitu kikimgonga kwenye nyayo. Akajiambia ni woga.

Alipomaliza, anga lilikuwa limebaki na wekundu kidogo. Akamwendea mdogo wake.

"Twende. Si lazima ushuke. Dirisha la mama liko juu, utainama tu."

"Wangu haendi mjini peke yake." Macho ya Kitinda yalikuwa yamejaa machozi. "Anamfuata mwenzake yule wa kijivu tu, na lazima mwenzake awe na mtu."

Wote wakamtazama wa kijivu. Mnyama alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Fundi.

"Usipande," Sajini akasema. "Nakuomba."

Fundi alipima. Mpiga Tarumbeta alikaa juu siku nyingi. Yeye ni kutoka hapa mpaka nyumbani, mwendo wa kumaliza mazungumzo. Na pumzi ya mama haingengoja wapate njia nyingine.

"Nitashuka mlangoni," akasema.

Akapanda.

Wakaingia mjini, yeye mbele, Kitinda nyuma. Chuma kikalia juu ya mawe, ko, ko, ko, na madirisha yakaanza kujifunga mtaa mzima. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo aliangusha beseni na kukimbilia ndani. Fundi alimwita mdogo wake mara kwa mara, na kila mara aliitika kwa kuchelewa kidogo.

"Kitinda."

"...Dada."

Nyumbani taa ilikuwa haijawashwa. Dirisha li wazi. Ndani ya giza ilisikika pumzi ile ya kubembelezwa.

"Umekuja naye?" mama akauliza.

"Nimekuja naye, mama."

"Alhamdulillahi. Mlete."

Kitinda akasogea, akainama mpaka uso ukaingia dirishani. Mikono ya mama ikaja, ikamshika paji, mashavu, kidevu. Fundi alikuwa analia. Alisema moyoni, basi, yaishe sasa, hata nikipatwa na lolote mama amemshika.

Mikono ikasimama.

"Mbona wa baridi hivi?"

"Ni upepo wa jioni, mama," Kitinda akasema.

Mama akampapasa tena, polepole. Halafu akaiondoa mikono.

"Huyu simjui."

"Mama, ni mimi." Sauti ilikuwa ya Kitinda. Lakini mdomo... Fundi alikuwa pembeni kabisa, aliuona. Mdomo wa mdogo wake haukuwa umefunguka.

Farasi akanyoosha shingo. Akaingiza kichwa dirishani, taratibu, kwa adabu. Mikono ya mama ikakutana nacho gizani. Ikapita kwenye taya, ikapita juu ya macho, ikafika sikioni. Na mama akatoa kilio ambacho Fundi hakuwahi kukisikia kwake, cha furaha tupu.

"Kitinda! Baba'ngu! Ulikuwa wapi wewe, mtoto mbaya? Mbona umeniacha hivi?"

Akakikumbatia kile kichwa. Akakilaza kifuani. Farasi akafumba macho, na machozi yakamtoka, mengi, yakalowesha shuka. Na juu ya mgongo wake yule mwenye magwanda yasiyo na vifungo alikuwa ameinama vile vile alivyoachwa, macho wazi, mate yanamdondoka, hana habari na mtu.

"Fundi," mama akasema, sauti imelegea kwa usingizi. "Mwambie huyo mwingine aende zake. Mwanangu nimempata. Sasa nilale."

"Mama, usilale. Mama, mwachie huyo! Nakuja ndani, nakuja."

Akataka kuruka chini. Akauamuru mguu wake wa kulia uinuke.

Chini yake, juu ya mawe, mguu wa farasi ukainuka.