Manyoya Ndani ya Gunia

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Kidoti alipita kwanza kwenye banda la sungura nyuma ya karakana ya baba yake. Alibadilisha maji, akatia majani mabichi na kufagia vinyesi, huku Bibie na Somo wakimsukuma miguu kwa pua zao kama wateja wenye haraka. Walikuwa majike wawili, Bibie mweupe na Somo wa kijivu, waliokua pamoja tangu wadogo. Walilala wamegandana, na ukimtenga mmoja, mwenzake aligoma kula.

Wakati mmoja Somo aliitia nyumba nzima wasiwasi. Alimpanda Bibie mgongoni kana kwamba yeye ni dume. Baadaye akaanza kubeba majani makavu mdomoni, akajinyonyoa manyoya ya kifuani na kujenga kiota. Familia ilisubiri watoto, lakini hakuna kilichozaliwa. Shangazi, ambaye ni daktari wa mifugo, alicheka alipokuja kumpima.

"Hiyo ni mimba ya uongo, kaka," alimwambia baba. "Majike hupandana ili kuonyeshana nani mkubwa. Wakati mwingine mwili hudanganyika, jike akadhani ana mimba. Ondoa tu kiota, atasahau."

Sasa kiota kilikuwa kimejengwa tena, ndani ya sanduku lao la kulalia. Safari hii sungura wote wawili walikuwa na vifua vyenye mabaka. Bibie alinyonyoa manyoya, na Somo, ambaye daima aliiga kila alichofanya mwenzake, alinyonyoa pia na kumletea majani.

"Yaleyale," baba alisema. "Mimba ya uongo imewapata wote wawili."

Kidoti aliinama, akaendelea kufagia. Alijua jambo ambalo baba hakulijua.

Mwezi uliopita, jirani yao, fundi cherehani, alisafiri na kuwaachia dume lake la sungura lililoitwa Jemedari. Baba alionya mapema: "Mtu asithubutu kumfungulia. Hatuna nafasi ya sungura wengine, na nimemwahidi jirani kwamba atakaa peke yake." Lakini Kidoti alitamani mno kuona vitoto vya sungura. Siku moja baba alipokwenda kununua mbao, alifungua kizimba chake. Jemedari hakupoteza muda. Alimkimbilia Bibie, akampanda, kisha akaanguka kwa ubavu kama aliyezimia. Kidoti alimrudisha haraka na kufunga kizimba. Hakumwambia mtu.

Jumamosi mama alimtuma Kidoti sabuni. Aliporudi alipitia bandani. Bibie alikuwa akizunguka kona ya sanduku, akinusa na kukwaruza mbao kwa makucha. Sanduku lilikuwa tupu. Limefagiwa safi.

Harufu ya moshi ilitoka uani.

Kidoti aliangusha sabuni na kukimbia. Baba alikuwa amesimama karibu na pipa alimozoea kuchomea maranda na vumbi la mbao. Moto ulikuwa umekwisha kushika. Gunia moja la maranda lilikuwa tayari limemiminwa. La pili lilikuwa miguuni pake, na mdomoni mwa gunia hilo yaling'ang'ania manyoya meupe.

"Baba, niachie hilo nichome mimi," Kidoti alisema.

"Wewe na moto wapi na wapi? Kaa mbali."

Baba aliinama, akalishika gunia kwa mikono miwili. Kidoti alitazama miali, akatazama uso wa baba. Akisema ukweli, ataadhibiwa. Asiposema... Baba alilinyanyua gunia hadi kifuani.

"Usichome, baba! Kuna watoto humo!"

"Watoto gani? Shangazi yako alisema..."

"Nilimfungulia Jemedari! Alimpanda Bibie. Nilikuficha, baba. Usichome, nakuomba!"

Baba alirudi nyuma, akaliweka gunia chini taratibu na kupiga magoti. Alitenganisha majani kwa vidole, kama atafutaye sindano. Chini kabisa, katikati ya manyoya, kitu cha rangi ya waridi kilijinyonganyonga.

"Mungu wangu," baba alinong'ona.

Vilikuwa vitoto vichanga, bila manyoya, macho yamefumba. Walivitoa kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kimebanwa na uzito wa majani. Kidoti alikipumulia, akakisugua, akakikumbatia viganjani, lakini hakikusogea tena.

Shangazi alipigiwa simu, akafika kabla ya chakula cha mchana. Aliagiza vilivyo hai virudishwe sandukuni pamoja na manyoya yaleyale.

"Mama yao hakai nao mchana kutwa kama kuku," alieleza. "Hunyonyesha mara moja au mbili tu, kisha hujitenga. Ndiyo maana hamkujua. Tusubiri tuone kama atawakubali."

Siku hiyo Kidoti hakula vizuri. Asubuhi iliyofuata alikwenda bandani, baba nyuma yake. Somo alikuwa amejilaza mlangoni pa sanduku kama mlinzi. Ndani, vitoto vilikuwa vimelala, matumbo ya mviringo, yamejaa maziwa.

Kidoti alilia. "Nisamehe, baba. Yule mmoja amekufa kwa sababu yangu."

Baba aliketi kwenye kipande cha gogo, akamvuta karibu.

"Kumfungulia Jemedari lilikuwa kosa, lakini kosa hilo tungelibeba pamoja. Kunyamaza ndiko kulikoua. Mimi niliamua kwa yale niliyoyajua, mwanangu. Ukinificha ukweli, ni sawa na kunifunga kitambaa machoni, halafu ukanipa moto nishike. Hata mtu mwema ataunguza."

Kidoti aliitikia kwa kichwa, akijifuta machozi.

"Na jirani je?" aliuliza. "Utamwambia?"

"Mimi? Hapana. Mdomo uliofunguka jana utafunguka na leo."

Kidoti alivuka uchochoro peke yake. Cherehani ilikuwa ikivuma nyuma ya mlango. Alibisha hodi, na mvumo ukakatika.

"Karibu, binti. Kuna nini mapema hivi?"

Kidoti alivuta pumzi, akamtazama fundi machoni, akaanza tangu mwanzo.