Usiniombee Ruhusa

Jumamosi ile soko la Gakoromone, mjini Meru, lilikuwa limefurika. Kiunga, kijana aliyeuza viatu vya mitumba, aliinua macho akamwona msichana mwenye gauni la manjano lililomkaa sawasawa, kiatu cheusi mkononi. Msichana akamkonyeza. Kiunga akageuka nyuma, asione mtu. Akakonyezwa tena.

"Leo nimeamka na bahati," alisema. "Hata jina hujaniuliza, na umeshanikonyeza mara mbili."

"Usijidanganye. Hilo jicho halinisikii hata mimi." Bega la msichana likaruka, koo likatoa mlio mfupi kama kwikwi. "Ni ugonjwa wa neva, unaitwa Tourette. Mwili unajirusha wenyewe. Sasa nipunguzie bei, maana umeaibika."

Kiunga alicheka hadi akakaa chini.

Msichana aliitwa Wamuyu, binti wa wakulima wa chai wa Kianjokoma, Embu, na alikuwa akisomea ualimu katika chuo kikuu kilichoko Nchiru, nje ya mji. Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa.

"Umekula, mwalimu wangu?"

"Nimekula githeri. Na wewe umeuza, ama umekaa ukingoja kukonyezwa?"

"Nangoja mmoja tu."

Muhula uliofuata Wamuyu alipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja mjini. Watoto wa gredi ya sita wakaanza kuiga bega lake. Akigeukia ubao, darasa zima linatoa kwikwi. Alimpigia Kiunga akilia, na Kiunga akashindwa kuvumilia. Bila kumwambia, alienda kwa shangazi yake Nelius, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu pale.

"Anti, watoto wanamtesa. Mpeni kazi ya maktaba."

Siku iliyofuata Wamuyu alimkuta mwalimu mwingine darasani mwake. Nelius alimshika mkono kwa upole. "Pumzika, mama. Kiunga ametueleza."

Jioni simu ya Kiunga ililia.

"Ulienda shuleni?"

"Nilienda, mpenzi. Ulikuwa unalia."

"Nililia kwako kwa sababu wewe ni wangu. Sikukutuma. Mhadhiri akija kunikagua, nitawafundisha nani? Rafu za vitabu?"

"Sikutaka uchekwe."

"Nimechekwa tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kutolewa darasani. Umenitoa wewe." Akakata simu. Kiunga alipiga tena na tena, haikushikwa.

Asubuhi Wamuyu aliingia ofisini kwa Nelius akiwa amevaa suti yake ya bluu. "Mwalimu, nipe kipindi kimoja. Nikishindwa, nitaenda maktaba mwenyewe."

Nelius alisita, kisha akakubali. Wamuyu akasimama mbele ya wale watoto.

"Bega langu huruka na koo langu hulia. Siambukizi, na sifanyi makusudi. Ulizeni sasa, halafu tufanye hesabu."

Msichana wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, ukilala pia linaruka?"

"Nikilala, nalo hulala. Hata lenyewe huchoka."

Walicheka, naye akacheka nao, kisha akaandika swali la kwanza ubaoni. Nelius alisimama mlangoni hadi kengele ilipolia. Darasa likarudi kwa mwenyewe, na mhadhiri alipokuja alimkuta akifundisha.

Mazoezi yalipokwisha, Kiunga alifika Nchiru akiwa na shati lililopigwa pasi, akamsubiri nje ya hosteli.

"Nilikosa," alisema. "Nilikuwa naogopa, nikafanya kama ni wewe unayeogopa. Anti aliniambia umefaulu, lakini nikaona nikija siku hiyo, itakuwa nimekuja kusherehekea kitu nilichokaribia kukiharibu."

"Ungekuja tu. Nilikuchukia siku chache, zilizobaki nilikuwa nakungoja." Bega lake liliruka. Kiunga akaendelea kumtazama usoni. "Siku nyingine ukinisikia nalia," Wamuyu aliendelea, "niulize nataka nini."

"Unataka nini?"

"Sasa hivi, chai. Na Desemba, uje kwetu na wazazi wako."

Desemba walifika Kianjokoma, ukungu ukiwa bado juu ya majani ya chai. Wamuyu, aliyekuwa ameshamaliza chuo na kupata kazi katika shule ya karibu na kwao, alikuwa akiwamiminia wageni chai mwili wake uliporuka. Babake Kiunga akamwinamia mwanawe.

"Huyu binti ana nini?"

Kiunga aliweka kikombe mezani. "Muulize mwenyewe, baba. Anajua kueleza kuliko mimi."

Wamuyu akavuta kiti, akaketi mbele ya mzee, akaanza kumweleza.