Vaa Nguo Isiyo na Zipu

"Huyu anayekwambia ulale kitandani ni nani?"

Mwokaji alinyanyua uso, mikono ikiwa kwenye unga hadi viwikoni. Mchumba wake, fundi friji, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la duka la mikate, kashika simu ya binti huyo kama aliyeokota nyoka.

"Simu yangu inafanya nini mkononi mwako?"

"Imelia huko mbele, nikakuletea. Sikiliza: 'Njoo kesho asubuhi. Vaa nguo isiyo na zipu. Utalala kitandani kidogo tu, haiumi.' Haiumi nini?"

Binti alirudi kukanda unga.

"Siwezi kukwambia leo."

"Basi harusi ufunge na huyo wa zipu."

Akaiweka simu mezani, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi fundi aliacha friji ya watu imefumuliwa, akamfuata mchumba wake kwa mbali, kajiandaa kufumania. Akamwona anaingia hospitali, kamshika mkono mama yake mzazi, ambaye mgongo umepinda na hatua zake ni za taratibu. Fundi akajibanza nyuma ya nguzo kwenye korido. Mama mkwe macho yake yalikuwa mazima.

"Baba, toka huko. Hiyo nguzo nyembamba kuliko wewe."

Akatoka, amenywea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutusindikiza kwenye kipimo?"

"Kipimo gani?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukafunguka. Mpimaji, mama wa makamo aliyevaa koti jeupe, akamwita binti.

"Ni mimi niliyekutumia meseji. Zipu huna? Vizuri. Chuma huwa kinatuharibia picha ya mifupa."

Fundi akatazama viatu vyake. Alitamani sakafu immeze.

Binti alipotoka, mama yake aliingia kupimwa, naye akakaa kwenye benchi kando ya fundi.

"Bibi yangu alivunjika nyonga akishuka kitandani," alisema kwa sauti ya chini. "Mama kavunjika kiwiko akinyanyua ndoo. Daktari akasema mifupa myepesi hutembea kwenye ukoo, na mimi nipimwe. Niliogopa. Nani anataka mke wa kuvunjikavunjika?"

"Ukaona heri nidhani una bwana?"

"Nilikosa pa kuanzia."

Waliingia kwa daktari wote watatu. Daktari aliwaonyesha picha. Ya mama, mifupa ilikuwa imedhoofika, angeanza dawa. Ya binti ilionyesha mifupa myepesi kidogo kwa umri wake, lakini bado si ugonjwa.

"Umerithi hatari, hukurithi kuvunjika," daktari alisema. "Jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja inachangia kidogo. Kilichobaki kinategemea unavyoishi. Tembea, nyanyua vitu vya uzito wa kiasi, pata jua, kunywa maziwa, kula dagaa na mboga za majani. Sigara usiguse."

"Na watoto wetu?" fundi aliuliza.

Binti akageuka ghafla. Neno "wetu" hakulitegemea.

"Wanaweza kurithi, wanaweza wasirithi. Waacheni wakimbie na kuruka. Mifupa hujengwa utotoni."

Nje, binti alimshika mkono.

"Ukitaka kuondoka, ondoka sasa. Sitakulaumu."

"Baba yangu ana upara. Babu alikuwa nao. Na mimi nywele zimeanza kunihama, unaziona. Uliwahi kuniuliza kuhusu watoto?"

Binti alicheka mpaka akafuta macho.

"Kwa hiyo watakuwa na upara na mifupa myepesi?"

"Watakuwa na mama anayeoka mikate. Wengine hawana hata hilo. Nisamehe kwa jana. Ningekuuliza kama mtu mzima."

"Na mimi ningekujibu kama mtu mzima."

Mama yake alikuwa amesimama kando, mfuko wa dawa mkononi.

"Mkimaliza kusameheana mniambie," alisema. "Mimi natembea, nimeambiwa nitembee."

Akatangulia taratibu kuelekea getini. Wakamfuata wameshikana mikono, wakibishana juu ya siku ya harusi.

Walioana kabla mwaka haujaisha. Bibi harusi alivaa gauni lenye zipu ndefu mgongoni, na mume wake ndiye aliyeifunga.