Sauti Chini ya Lifti ya Mzee Harub

Siku ya kwanza lifti ya kunyanyulia magari ilipopanda yenyewe, Imakulata alidhani ni hewa iliyoingia kwenye mafuta. Alifika gerejini saa moja na nusu asubuhi, akafungua mlango wa bati, akaikuta imesimama shubiri moja juu ya sakafu, ilhali jana yake jioni aliishusha mwenyewe mpaka chini na kuzima swichi kuu. Akainama kuchungulia. Hakuona kitu. Ila alipigwa na harufu ya marashi ya waridi, kama yale wanayonyunyiziwa maiti, yamechanganyika na maji yaliyooza.

Gereji hiyo iko Ngamiani, mjini Tanga, mali ya Mzee Harub, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Omani. Imakulata ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Yeye ni mtoto wa kambi za mkonge. Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, na baba yake akazeekea kambini huko huko njia ya Muheza. Alikuwa ndio kwanza amerudi kazini, baada ya miezi minne ya kumuuguza baba huyo na kumzika.

Lifti yenyewe ni ya mkasi: majukwaa mawili ya chuma yanayonyanyuliwa na miguu inayopishana, mafuta yakiisukuma kutoka kwenye pampu. Ikipanda, jino la kufuli huruka ngazi kwa ngazi, ta, ta, ta, na fundi haingii chini mpaka jino hilo limekaa mahali pake na kubeba uzito wa gari. Imakulata aliijua milio hiyo kama anavyojua hatua za mumewe ukumbini.

Siku hiyo aliipandisha tupu mara mbili. Ta, ta, ta. Akaridhika, kazi zikaendelea.

Siku ya tatu, saa saba mchana, jua likiwa utosini, Mzee Harub na wengine walikuwa msikitini kwa sala ya adhuhuri. Walibaki Imakulata na Abrahamu, fundi wa Kilutheri kutoka Lushoto, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akiteguka kidole. Gari la mteja, Noah, lilikuwa juu ya lifti. Imakulata alikuwa bombani ananawa mikono aliposikia Abrahamu akiitika.

"Naam, mama."

Akageuka. Abrahamu alikuwa amepiga magoti, kichwa na mabega tayari vimeingia chini ya gari.

"Abra! Unaongea na nani?"

"Mama yangu yuko huku," Abrahamu alijibu taratibu, kama mtu anayeongea usingizini. "Anasema ameangukiwa."

Mama yake Abrahamu alikuwa amezikwa Lushoto mwaka uliopita. Imakulata alikuwapo mazikoni, alishika beleshi. Hakuuliza tena. Alimrukia, akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili na kujitupa nyuma naye. Hapo hapo mpira wa mafuta ukapasuka kwa kishindo, na lifti nzima pamoja na Noah ikashuka kama mlango uliobamizwa. Ilinasa ncha ya buti la Abrahamu. Vidole viwili vya mguu havikupona.

Abrahamu alipokwisha kupelekwa hospitali, Imakulata hakwenda nyumbani. Mzee Harub na wenzake walikuwa wamerudi kutoka msikitini. Wakaisukuma Noah nje, kisha yeye na Mzee Harub wakaanza kuinyanyua lifti tupu kwa winchi ya mnyororo iliyoning'inia darini.

Ta, ta, ta.

"Kufuli si linafanya kazi?" Mzee Harub alisema. "Sasa ilishukaje?"

Imakulata akawasha tochi, akaimulika kwa mbali. Jino la kufuli lilikuwa limevutwa nyuma na kufungwa kwa waya, mikunjo mitano, limetulia tuli. Akavuta mnyororo kidogo. Jino halikutikisika. Lakini chini kule, gizani, kitu kikasema: ta, ta, ta.

Mzee Harub akaachia mnyororo. "A'udhu billahi," alinong'ona.

"Mzee, huu waya nani ameufunga?"

Mzee Harub alizishika ndevu zake. "Wewe ulikuwa unamuuguza baba. Ilikuwa wiki ya Idi, kufuli linanata, kila kushusha gari ni dakika kumi, wateja wamejaa mpaka barabarani. Nikasema tufunge siku mbili tatu tu."

"Siku mbili tatu zimekuwa miezi mitatu. Na mpira nao ulikuwa umevimba hivi, hamkuuona?"

"Tuliona milio ipo. Tukajua salama."

Kwa miezi mitatu watu walikuwa wakiingia chini ya chuma kisichoshikwa na kitu, wakilindwa na mlio uliotoka kinywani mwa kitu wasichokijua.

Kesho yake asubuhi Mzee Harub akamwita Mwinyijuma, mganga wa Tongoni. Alikuja na bodaboda, amevaa raba nyeupe, ubani na kitabu chake amevitia kwenye mkoba wa kompyuta. Imakulata akamwamkia shikamoo. Mganga akaitikia, akavua raba, akalala kifudifudi na kuweka sikio sakafuni. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Mlipochimba shimo la kuweka hiki chuma, mlikuta kisima?"

"Cha zamani," Mzee Harub alisema. "Tukakifukia kwa zege."

"Basi mmemfungia mtu mlango wake. Huyu ni jini wa maji. Nguvu zake ziko mdomoni. Chuma anaweza kukitikisa, hata kukiinua kidogo, lakini kumshushia mtu hawezi. Anachoweza ni kumwita mtu mahali ambapo chuma kitashuka chenyewe."

Kabla hajamaliza, sauti ikatoka chini ya lifti. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, tamu, karibu sana.

"Harub. Mtoe huyu mwanamke, nami nitanyamaza. Gereji yako itajaa wateja."

Mzee Harub alimgeukia Imakulata, na Imakulata akaona machoni pake kwamba analipima lile neno.

"Usinitazame hivyo, mzee," alisema. "Siondoki. Nimetoka kushika mguu wa mwenzangu ndani ya ndoo ya damu. Aondoke yeye."

"Binti," Mzee Harub alisema, "tunaweza kumchinjia mbuzi, yakaisha."

"Mbuzi hafungui waya. Shekhe, wewe unasemaje?"

Mwinyijuma alikuwa akipangusa vumbi shavuni. "Mimi nitasoma mpaka atoke. Lakini waya ule ndio umemkaribisha, nao lazima utolewe kwa mkono. Na mkono si wangu."

Imakulata hakuharakisha, ingawa kila kiungo chake kilimwambia akimbie. Alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Akaagiza lifti ivutwe juu kwa winchi mpaka kimo cha kifua, kisha akapanga stendi nne za chuma, mbili kila upande, akaishusha izikalie, akaisukuma kwa bega mbele na nyuma kuona kama inacheza. Haikucheza. Akavaa miwani na kofia ngumu. Akafanya ishara ya msalaba huku Mwinyijuma akianza Bismillahi, na wala hakuna aliyeona ajabu.

Akaingia.

Huko chini palikuwa na baridi ya pango. Marashi yalikuwa mazito hata akahisi ladha yake ulimini. Alipitisha koleo la kukatia waya kwenye mkunjo wa kwanza wa waya, akakata. Wa pili. Alipofika wa tatu, mtu akakohoa nyuma ya sikio lake.

Alikijua kikohozi hicho. Alikisikia miezi minne, usiku na mchana, kikohozi cha vumbi la mkonge, kinachoanza kifuani na kuishia kwa mluzi mdogo.

"Mwanangu," baba yake alisema, "toka. Stendi ya nyuma inateleza."

Na kweli akasikia chuma kikikwaruza sakafu nyuma yake, polepole, kama mguu wa meza unaoburutwa, na jukwaa juu yake likaonekana kusogea unywele mmoja, na mwingine, na baridi ikampanda miguuni kana kwamba maji ya kile kisima yamerudi na yanajaa, na baba akazidi kumwita, toka mwanangu, toka sasa, nilikufa nikikutazama, usinifuate mapema hivi, na kila neno lilikuwa neno ambalo baba yake angelisema, kwa pumzi ile ile, hata machozi yakamtoka na kuziba miwani, na mkono wake wenye koleo ukaanza kurudi wenyewe kifuani. Alijua kwamba akijirusha atagonga stendi, nayo ndiyo itakayoanguka.

"Baba," Imakulata alisema kwa nguvu, "hata kama ni wewe kweli, ningekwambia unisubiri nimalize kazi. Na stendi nimeipanga mwenyewe. Haitelezi!"

Akakata mkunjo wa tatu. Wa nne. Wa tano. Jino la kufuli likaruka mahali pake kwa mlio mmoja mzito ambao mdomo wowote usingeweza kuuiga.

Kitu kikalia. Hakikulia kwa sauti ya baba tena, wala ya mtoto. Mabati ya paa yalitetemeka, na Mzee Harub akaanguka chini ameziba masikio. Imakulata hakutoka. Alifuta jino kwa tambara, akapaka grisi kwenye pini zote, akafunga mpira mpya wa mafuta na kuukaza, akaurudia kuukaza. Ndipo akatambaa kutoka, overoli imelowa kana kwamba ameopolewa baharini.

"Leta gari lako, mzee," alisema.

"Langu?"

"Ndiyo. Lako."

Wakaondoa stendi, wakaishusha lifti, wakalipandisha gari la Mzee Harub, kisha watu wote wakasimama mbali. Imakulata akafungua swichi kuu, akabonyeza kitufe mwenyewe mpaka lifti ikafika juu, akalikalisha jino kwenye ngazi. Gari likaanza kutikisika. Likayumba, vioo vikagongana milangoni, chuma kikalalamika. Mwinyijuma alipandisha sauti ya kisomo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jino halikuachia. Dakika tatu, nne, tano. Kisha kukatulia, na mstari wa maji ukatoka chini ya lifti, ukapita katikati yao polepole, ukavuka mlango na kuishia juani.

"Ametoka," Mwinyijuma alisema, akaketi palepale.

Tangu siku hiyo gereji ya Mzee Harub haina shari. Kila asubuhi mzee mwenyewe huchuchumaa na tochi kukagua kufuli kabla ya gari la kwanza. Abrahamu amerudi, anachechemea, anafanya kazi.

Wiki iliyopita, kama saa saba mchana, simu ya Imakulata iliita. Ni mwanamke asiyemjua, anaitwa Consolata, ana gereji Muheza, karibu na soko la machungwa.

"Dada, samahani, namba yako nimepewa na mteja. Uko wapi sasa hivi?"

"Niko Tanga, kazini. Kwani vipi?"

Consolata alisogeza simu karibu na mdomo.

"Kuna mtu yuko chini ya lifti yetu," alinong'ona. "Anawaita mafundi wangu waingie. Anasema anaitwa fundi Imakulata wa Ngamiani, na kwamba kufuli ameshalikagua yeye. Dada, ni sauti yako. Ni hii hii ninayoisikia sasa."

Imakulata alishika ukingo wa meza. Kwa mbali ndani ya simu alisikia sauti yake mwenyewe ikicheka.

"Consolata, nisikilize mimi," alisema. "Zima swichi kuu. Toa watu wote nje. Ukisikia nikikuita kutoka chini, usinijibu. Nakuja kwa mlango wa mbele."

Akakata simu, akaokota koleo na tochi, akaenda kumwambia Abrahamu awashe gari.