Kadi Iliyotoka Midia

Kadi ilinuka kafuri. Ikiwa baridi hainuki kitu. Ngoja sasa gemu ipambe moto na feni zake mbili zianze kuvuma, ndipo harufu ilipotoka. Acidri aliinamia kompyuta, akanusa, akasema ni vumbi la Koboko linaungua. Kafuri, jamani, harufu anayoijua kila aliyewahi kukaa karibu na maiti ya Mwislamu, yeye akaiita vumbi.

Lakini msimdhanie mjinga. Kadi ile aliichagua kwa akili zake timamu. Ukumbi wake wa gemu hapo Arua mjini ulikuwa na mashine kuukuu tupu, na wateja walikuwa wanahama kwa sababu gemu mpya zilikwama kwama kwenye skrini. Dukani alionyeshwa kadi ya grafiki mpya, bado iko ndani ya boksi, ina dhamana ya mwaka, lakini kumbukumbu yake giga nne tu. Mara Laku, rafiki yake wa Koboko, akapiga simu: iko kadi ya giga nane, imetumika, bei ile ile. Acidri akauliza yote anayouliza mjuzi. Ilichimba sarafu za mtandaoni? Hapana. Fundi aliifungua? Hapana. Pawasaplai yangu itaiweza kwa umeme? Itaiweza. Ilikuwa ya nani, hilo hakuuliza, na wewe pia usingeuliza.

Mkewe Harriet ndiye aliyekaa kaunta. Kila asubuhi alifuta hedifoni zote, akazivaa moja moja na kusema kwenye maiki, "Jambo, munanisikia?" Walikuwa na mtoto mmoja, Anguyo, aliyechukuliwa na malaria akiwa mdogo bado, wakamzika kwao Aroi. Harriet hakulia msibani. Na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akisema kwamba mtoto amekufa. Ukimuuliza anakujibu, "Anguyo iko Aroi," kama vile kaenda kumsalimia bibi yake. Acidri alimwacha hivyo hivyo, akidhani anamhurumia.

Asubuhi moja Harriet alivaa hedifoni ya mashine yenye kadi ya Laku, akasema jambo yake, akatega sikio. Kisha akasema kwa upole, "Nimekula. Na wewe?"

"Unaongea na nani?" Acidri akauliza.

"Na mtoto."

"Mtoto gani? Mtandao hata sijafungua."

"Ananiita mama. Sema pole pole, ataogopa."

Acidri alimvua hedifoni, akaiweka sikioni mwake. Alisikia feni. Nyuma ya feni alisikia mtu anavuta pumzi, na baada ya pumzi sauti ya kijana aliyekwisha ota ndevu, nzito, iliyochoka, haifanani na ya Anguyo hata chembe, ikauliza, "Mama iko wapi? Umemupeleka wapi?"

Aliitupa ile hedifoni. Harriet aliiokota, akaifuta, akaivaa.

Tangu hapo hakutoka kwenye kiti kile. Wateja waliingia wakakuta mama wa watu anacheka na skrini nyeusi, wakarudi nje. Chakula alikisogeza kando, akisema mtoto hajala na yeye atakulaje. Mchungaji alikuja akaomba mpaka jasho likamtoka, na feni zilizunguka tu. Basi siku hiyo, mvua ikinyesha na giza likianza kuingia, Acidri alizima umeme, akafungua kompyuta, akaichomoa kadi, akaifunga ndani ya shati lake kuukuu na kuiweka juu ya kabati, na alipogeuka akamwona Harriet ameegemea ukuta, midomo imepauka, mikono baridi kama ya mtu aliyetolewa mtoni, akimwita haitiki, akimtikisa hatikisiki, na kafuri sasa haitoki kwenye kadi bali kwenye nywele zake, kwenye pumzi yake, na kutoka hedifoni zote za ukumbi ule, ambazo hazikuwa na umeme wala hazikuchomekwa popote, ile sauti nzito ikiuliza kwa pamoja, mama iko wapi, mama iko wapi, mpaka alipoirudisha kadi mahali pake huku akilia, na mkewe akafumbua macho.

Aliuliza, "Kwa nini umemufungia nje na mvua hii?"

Acidri alimpigia Laku. Laku aliposikia neno kafuri alishusha sauti, kama mtu anayejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ilikuwa ya mtoto wa dada yangu. Sule. Pikipiki ilimuua."

"Na ukaniuzia?"

"Nilitoa mbele ya dua ya arobaini. Kwetu vitu vya marehemu haitoki kwa nyumba mpaka dua isomwe. Lakini kadi hizi unazijua, ndugu yangu. Mpya zikitoka, bei inaanguka. Niliogopa kungoja."

Acidri alizijua. Yeye mwenyewe angefanya vile vile, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Walikodi gari, wakapakia kompyuta nzima, na Harriet akiwa ameipakata hedifoni, wakaenda Midia, kwa dada yake Laku. Mama Sule aliwapokea kwa adabu, mwanamke mkavu aliyejifunga kanga ya msiba. Sheikh, aliyeitwa na Laku, alikuwa amekwisha fika. Jenereta ikawashwa, na kompyuta ikawekwa kwenye meza ya marehemu, palepale ilipokuwa siku zote.

"Huyu si Sule, na si mtoto wenu wa Arua," sheikh alisema. "Kila mutu anazaliwa na jini yake, anatembea naye mpaka mwisho. Sule amezikwa, amesomewa. Jini yake haikuambiwa. Inangoja mwenzake hapa walipozoea kukaa. Mama aiambie tu, kwa mdomo wake, kwamba mtoto amekufa. Itaenda."

Mama Sule alivaa hedifoni. "Sule," aliita. "Mimi mama yako." Alingoja. Akaita tena. Feni zilivuma, na hakujibiwa. Aliita mpaka sauti ikakauka.

"Hainijui," alisema mwishowe. "Sauti yangu haijawahi kuingia humu. Mimi nilimuita pale mlangoni miaka yote, na yeye amefunga masikio, anacheza."

Sheikh alimgeukia Harriet. "Basi ni wewe. Sauti yako imezoea kuingia humu, wewe ndiyo inakuita mama."

Harriet alikataa kwa kichwa. Alijikunyata kitini, macho yamezama, mifupa ya mabega imemtoka, na Acidri akaona wazi kwamba mke wake hatamaliza juma hilo. Alipiga magoti mbele yake.

"Mama Anguyo, sema."

"Nikisema, nitabaki na nani?"

"Na mimi."

"Wewe huniiti mama."

Acidri alimshika miguu tu, akalia, mwanamume mzima, mbele ya wageni. Kisha Harriet akajivika hedifoni taratibu, akaisogeza maiki mdomoni, na kwa sauti ile ile ya kila asubuhi akasema, "Unanisikia? Baba, usingoje tena. Mtoto wangu amekufa. Anguyo amekufa. Nilimuosha mimi mwenyewe. Nenda."

Feni zilipunguza mwendo, zikasimama, na jenereta bado inanguruma nje. Kafuri ikapita mlangoni, ikaisha.

Hapo Harriet alilia. Kilio alichokuwa amekifungia ndani tangu Aroi kilitoka chote, kikavuka ua, na wanawake wa jirani wakaja mbio wakifunga kanga viunoni, wakauliza nani tena amefariki. "Mtoto wangu," akawaambia. "Anguyo." Hawakuuliza lini. Walikaa naye chini, wakamshika, wakamlilia mtoto wasiyemjua kana kwamba amekata roho jana, na Acidri akakaa nao.

Mama Sule peke yake hakuketi pamoja nao. Aliiokota hedifoni sakafuni, akavuta kiti cha mwanawe, akaivaa, na kuanza kunong'ona kwenye maiki. Sheikh alifungua kinywa amwambie kwamba humo sasa hamna kitu, akakifunga, akatoka nje kwenda kuzima jenereta.