Gitaa la Pili

Saa ya chakula cha mchana, ghorofa ya chini ya jengo la maduka, watu walikuwa wakipigana vikumbo kuwahi lifti. Fundi wa miwani alisimama katikati yao, koti jeupe la kazi limefungwa kifungo kimoja, mfuko wa lenzi mkononi. Masikio yake yalisikia magitaa mawili. Macho yaliona moja.

Mpiga gitaa, shati la bluu lililokunjwa mikono, alicharaza nyuzi nyembamba. Chini yake, kwa mbali, nyuzi nene zilitembea polepole, kisha zikafifia bila mtu kujua zimeondoka saa ngapi.

"Samahani kaka, mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi, dada? Ndiyo kwanza namtafuta."

Fundi akacheka bila kutaka. "Wa gitaa la pili, wewe!"

"Huyo ana haya. Hajitokezi."

Kesho yake akarudi. Alichungulia nyuma ya spika, nyuma ya nguzo, akaambulia vumbi la magotini. Wakapeana namba za simu, wakaanza kuitana mpenzi, na bado jamaa hakusema. Siri ilikuwa chini ya soli yake: kisanduku kidogo kilichofunikwa na pindo la zulia. Akikikanyaga, kinanasa anachopiga; akikikanyaga tena kwenye pigo lenyewe, kinakirudia mpaka kizimwe. Wengine hurundika sauti juu ya sauti mpaka ziwe kelele. Yeye alinasa kidogo tu, akaiacha inong'one, akapiga mengine juu yake. Alijivunia kwamba hajawahi kugunduliwa, na majivuno hayo ndiyo yaliyomponza.

Jioni moja alikuwa chumbani kwake akifanya mazoezi, simu ikalia.

"Mpenzi, mama kaanguka bafuni. Nyonga imevunjika. Wamemwingiza kupasuliwa sasa hivi, nami niko peke yangu hapa kwenye benchi. Naogopa..."

"Mungu wangu! Pole, mpenzi. Hospitali gani? Nakuja."

Fundi akatega sikio. "Unapiga gitaa?"

"Hapana! Mimi..."

"Nakusikia! Mama yuko chini ya kisu, wewe hata kuweka gitaa chini umeshindwa. Na juu yake unanidanganya!"

Simu ikakatwa. Jamaa alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Gitaa lilikuwa limelala kitandani. Kisanduku ndicho kilichoendelea kupiga, naye kwa mshtuko alikisahau. Alimpigia simu tena na tena, hakupokelewa. Ujumbe wake ulisomwa, ukaachwa.

Fundi akaanza kupanda dukani kwake kwa ngazi za nyuma, ili asimwone. Alikuwa na hamu naye vibaya sana, na akamchukia kwa hamu hiyo.

Mama alipona, akataka miwani mipya. Kwa mkongojo anaotembelea sasa, ngazi hawezi, na lifti iko palepale kwa mpiga gitaa.

Jamaa akawaona. Watu walikuwa wamejaa, meneja wa jengo akiwa mbele kabisa. Akainua mikono yote miwili juu. Gitaa likaendelea kulia.

"Kumbe mashine!" mmoja akapayuka. Meneja akakunja uso.

Jamaa akalitua gitaa, akapenya mpaka kwa fundi.

"Siku ile mikono yangu ilishika simu. Yote miwili. Kilichokuwa kinapiga ni kisanduku. Nilikuficha ili unione mkali. Nisamehe, mpenzi."

Fundi akaitazama ile mikono mitupu, kisha zulia. Hasira ilikuwepo, lakini hamu ya kujua ilimzidi. Akaenda, akafunua pindo kwa ncha ya kiatu.

"Hiki?"

"Hicho."

"Kinanyamazaje?"

"Kikanyage."

"Mkanyage na yeye!" mama akadakia kutoka mlangoni pa lifti, na watu wakaangua kicheko.

Fundi akakanyaga. Sauti ya gitaa ikakatika, na kicheko kikaisha.

"Sasa nisikilize," alisema. "Siku ile niliogopa sana."

"Niambie," jamaa alijibu, akaketi sakafuni mbele yake. Fundi akamweleza yote, tangu pale bafuni.