Aliyenusa Aingie Ale

Kilichoanza kuharibika katika nyumba ile ni harufu. Na nani duniani huogopa harufu ikikosekana? Ikizidi, sawa, mtatafuta panya aliyefia nyuma ya kabati. Ikikosekana, unajipangusa pua na kusema una mafua.

Mke wa fundi friji alifungua oveni mchana ule akatoa trei ya krakra. Krakra ni jina walilolitunga wenyewe kwa ajili ya mlio wake mdomoni. Chini ni matufaha yaliyokatwa vipande vyembamba, yakachanganywa na sukari, ndimu na mdalasini. Juu ni oti, zilezile za uji, zilizofikichwa kwa vidole pamoja na siagi na unga mpaka zikawa chenga. Trei ilikuwa imeiva vizuri sana. Chenga zilishika rangi ya asali, maji ya matufaha yalikuwa yakichemka pembeni. Lakini alipoinama anuse, hakupata kitu. Akainama tena mpaka mvuke ukamchoma pua. Hola.

"Mama, hebu njoo unuse hii," alimwita mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa na pua ya kuogopwa. Alijua mwanawe kala wapi kabla hajavua viatu. Akanusa, akanusa tena, akakunja uso.

"Umesahau mdalasini, mwanangu."

"Nisahau mimi? Tazama mikono yangu."

Kweli, vidole vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye kucha. Mama mkwe akavivuta, akavinusa, navyo havikunukia. Wakaonja. Chenga zililia krakra kama kawaida, utamu ulikuwepo, ila ni utamu wa kumeza tu, hauna nyuma wala mbele. Walikula kidogo, wakaifunika.

Sasa, yule mke alikuwa na mazoea, na mazoea yana taabu, nyie acheni tu. Mtaa mzima ulimwita Bi Mdalasini, kwa kuwa harufu yake ilikuwa inatangulia kabla yeye hajafika. Mama yake mzazi alimfundisha kwamba harufu ya chakula haitoki nje peke yake; itoke na mwaliko, la sivyo itageuka masimango. Basi kila akitaka kufungua oveni, alisukuma kwanza dirisha la jikoni, akaita kichochoroni: "Aliyenusa ni wetu, aingie ale!" Majirani walicheka. Wengine walijibu, "Starehe, Bi Mdalasini!" Wengine walikuja na sahani zao, bila haya.

Siku ile ya krakra isiyonukia, mvua ilikuwa inanyesha, kichochoro kitupu, milango yote imefungwa. Mtu mwenye akili angenyamaza. Yeye akaita. Na hapo chini ya dirisha, sauti ya adabu, wala si ya mwanamume wala si ya mwanamke, ikamjibu: "Nimeshakaribia."

Alisubiri hodi, hodi haikuja. Akadhani ni mpita njia aliyejificha mvua. Akafungua oveni.

Mwanzoni walicheka, nawaambia ukweli. Soksi za fundi ziliacha kunuka. "Mungu mkubwa," alisema mama mkwe, "hilo nimeliombea tangu akiwa darasa la pili!" Kitunguu kikaacha kunuka, sabuni ikaacha, mafuta ya taa yakaacha. Maziwa yalichacha, wakayanywa bila kujua, wakaharisha nyumba nzima. Kicheko kikapungua.

Kisha wakaanza kuisikia. Mama mkwe ndiye aliyeitambua kwanza, akiwa amekaa jikoni anachambua mchele mchana kweupe.

"Kuna mtu anavuta pumzi," alinong'ona.

"Upepo huo, mama," alisema fundi.

"Upepo una pua? Sikiliza. Anavuta tu. Hatoi."

Wakasikiliza. Kutoka kwenye pembe iliyo kati ya oveni na ukuta, pembe isiyoweza kuficha hata ufagio, pumzi ilikuwa inavutwa, ndefu, taratibu, kama mtu anayenusa ua, ikaendelea kuvutwa kupita pale ambapo kifua cha binadamu kingejaa, ikaendelea. Fundi alishika bisibisi yake. Sijui alitaka kumfungua nani.

"Kitu kingekuwa na waya," alisema, "ningejua pa kuanzia."

Yote hayo wangeyavumilia. Chakula kisicho na harufu hakiui mtu. Lakini katika nyumba ile kulikuwa na mtoto mchanga, wa kiume, aliyekuwa bado ananyonya tu, hajaonja hata kijiko cha uji. Walimwita Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyowaamrisha wote. Bibi yake alimwita mume wangu, akimgombania na mkwewe kila asubuhi: "Nipe mume wangu, mwizi wewe!" Bwana Mkubwa alikuwa anamjua mama yake gizani, akiwa amefumba macho; hata akibebwa na mwingine, alikuwa anageuza kichwa kumfuata mama kila anakopita, pua juu.

Asubuhi moja mama yake alikuwa anaosha trei. Akahisi baridi nyuma ya shingo, pale nywele zinapoanzia. Si mkono. Ni hewa, inavutwa. Ilivutwa kutoka shingoni, ikateremka mgongoni, ikapita makwapani na kifuani palipolowa maziwa, na yeye akasimama na trei mkononi, hawezi kugeuka, hawezi kupiga kelele, anasikia kitu kinamtoka bila maumivu yoyote, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni, mpaka kikaisha.

Alipokwenda kumchukua mtoto, mtoto alimtazama, akanusa, akapiga yowe.

"Mama amekuja, baba. Mama huyu hapa," alimbembeleza. Akamwekea titi mdomoni. Bwana Mkubwa akaligeuzia uso, akajikunja, akamsukuma kwa viganja viwili, akalia kilio cha mtoto aliyechukuliwa na asiyemjua.

Alilia kutwa. Walimpa maziwa ya kopo, akayatapika. Walimkamulia mama yake kwenye kikombe, akayatema. Walimfunga mama kanga ya bibi, wakampaka mdalasini kifuani, wapi! Hospitali walimpima kila mahali wakasema hana ugonjwa, mama apunguze wasiwasi, mtoto atanyonya tu. Apunguze wasiwasi! Maziwa yanamwagika kwenye nguo, matiti yamekuwa mawe, na mwanawe mwenyewe, anayekonda mbele ya macho yake, anamwogopa.

Siku iliyofuata kilio kilikuwa kimekuwa chembamba, na hicho ndicho kilichowatisha zaidi.

"Tuhame," alisema fundi. "Twendeni hata kwa dada."

"Tuite mtu kwanza," alisema mama mkwe.

Mganga alikuja jua likiwa bado halijazama. Alikuwa mwanamke mwenye duka la vifungo na zipu, mnene, mwenye haraka, na alikuja na utepe wake wa kupimia bado umening'inia shingoni. Alichoma ubani jikoni. Moshi ulipanda, ukasimama, kisha ukainama wote kuelekea kwenye ile pembe, ukaingia mahali, ukaisha. Hakuna aliyesikia harufu ya ubani. Mganga akafunga mkoba wake.

"Aliingiaje huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Bi Mdalasini akamweleza. Alipofika kwenye "nimeshakaribia," mganga alishika kichwa.

"Mwanangu, umemkaribisha kwa kinywa chako na akakuitikia. Jini aliyevamia nina dawa yake. Mgeni sina. Huyu hula harufu, na amekula yako. Ukihama, utahama bila hiyo. Itabaki naye."

"Sasa mwanangu atakufa na mimi namtazama?"

"Iko njia moja. Mnajua wenyewe, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa ni wavivu sana. Wakipewa kazi isiyokwisha huudhika, wakaondoka, na walichokula hukirudisha. Mwaga oti sakafuni, umwambie azihesabu chenga moja moja. Iseme kazi yenyewe, waziwazi. Jini asiyetajiwa kazi hujichagulia."

Aliwaachia maneno hayo akaenda zake, hakukubali hata kukaa. Kusema kweli alikuwa anakimbia.

Wakasimama jikoni, watatu. Chumbani Bwana Mkubwa alikuwa anafanya sauti ya kukwaruza, si kilio tena. Bi Mdalasini akachukua mfuko wa oti, akaumwaga wote sakafuni. Akaielekea pembe. Ile pumzi ikaanza kuvutwa, karibu zaidi kuliko siku zote, na akafungua mdomo aseme aliyofundishwa, lakini hewa ilikuwa inamtoka mdomoni kabla haijawa neno, midomo inacheza, sauti hakuna, na chumbani mtoto akakwama katikati ya mkwaruzo, akanyamaza, na hakuanza tena.

Mama mkwe hakuweza kungoja. Ni nani angeweza? Mjukuu wake alikuwa anakufa.

"We mgeni!" alipiga kelele. "Ugeni wako umekwisha! Shika kazi yoyote iliyolala humu ndani, au toka!"

Pumzi ikakatika.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu iingie, wakaisikia ikitoa. Pumzi ndefu ya moto ilipita kati yao, ikapeperusha oti sakafuni, ikaelekea ukumbini, na mlango wa chumba cha mtoto ukajifunga polepole, kwa adabu.

"Imetoka?" alinong'ona fundi. "Mama, imetoka?"

"Hukuitaja kazi," alisema mkewe. Sauti ilikuwa imemrudia. "Mama, hukuitaja!"

Alikimbia akausukuma mlango. Kwanza ilimpiga harufu: sabuni yake, jasho la shingo yake, maziwa, mdalasini uliozama kwenye ngozi miaka na miaka. Hajawahi kujinusa maisha yake yote, kama wewe usivyojinusa, lakini alijijua papo hapo, akalia. Bwana Mkubwa alikuwa amelala ubavu kitandani mwake. Macho yamefumba nusu. Mashavu yanakwenda, koo linapanda na kushuka, gu, gu, gu, na mkono wake mmoja umeinuliwa, vidole vimeshika kitu hewani, vinakikandakanda kama alivyokuwa anamkanda yeye. Maziwa yalikuwa yanamtoka pembeni mwa mdomo.

Akajitupa amchukue. Mtoto akapiga yowe, akanyoosha mikono kurudi kule alikotolewa, akakakamaa mpaka midomo ikabadilika rangi.

"Mrudishe," alisema mama mkwe mlangoni, analia. "Mwanangu, nisamehe. Mrudishe ashibe kwanza."

Fundi alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili.

Akamrudisha. Ungefanya nini wewe?

Walimfuata tena mganga, wakakuta duka limefungwa. Waliamuru kazi nyingine, chenga, mchanga, maji ya kuteka kwa chujio; hakuna kilichoitikia, kwani kazi ilishashikwa. Jikoni hakukusikika kitu tena. Siku moja fundi alijaribu kumtoa mtoto mpaka nyumba ya dada yake, na njia nzima Bwana Mkubwa alikuwa ananyonya hewa, ameridhika, kifuani pa baba yake. Bwana Mkubwa akanenepa. Akapata kidevu cha pili. Maziwa ya mama yake yakakauka, kwa maumivu, bila mtu wa kumwonea huruma, kwa sababu majirani wote walimpongeza: mtoto amependeza, mashaallah, unampa nini?

"Tunamshukuru Mungu," alikuwa anajibu.

Siku ya kliniki alikwenda yeye na mtoto tu. Bwana Mkubwa alilia tangu mlangoni, kama alivyolia kila mara alipobebwa naye. Chumba kilikuwa na mizani, meza na benchi moja la mbao ukutani, nyuma ya Bi Mdalasini. Nesi alikuwa kijana mchangamfu, anayeimba kidogo kidogo akiandaa mizani.

"Jamani, huyu ana njaa tu," alisema nesi. "Dada, hebu mpe mama yake amnyonyeshe kidogo, akitulia tutampima."

"Mimi ndiye mama yake."

Nesi akacheka, akidhani ni utani wa wifi na wifi. "Acha hizo, dada. Mtoto mwenyewe anamtaka mama yake. Si yule pale anamnyooshea mikono?"

Bi Mdalasini hakutaka kugeuka. Mtoto alikuwa amejipinda juu ya bega lake, mikono yote miwili mbele, ametulia ghafla, anacheka. Akageuka. Benchi lilikuwa tupu.

"Mpe basi," alisema nesi kwa upole. "Mwenzio anasubiri."

Akalisogelea lile benchi, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa. Akainama. Akalegeza mikono kidogo tu, na uzito wa mwanawe ukapokelewa.